Stika Inayobanduka kwenye Bango la Mbegu

Mwezi uliopita niliacha kiti changu, kipanya changu na kikombe cha chai kilichokatika mkono, nikatoka katika duka la uchapishaji la mjini Kisii ambako nimefanya kazi tangu nikiwa na miaka ishirini. Hotuba zilitolewa, soda zikanywewa, Ombati wa mashine akalia kidogo na kusema ni vumbi la karatasi. Lakini swali mliloniuliza siku ile, ninyi vijana mnaobaki, na mnaloendelea kuniuliza kwa simu, halihusu miaka hiyo yote. Mnauliza: "Mama Moraa, ile stika inayobanduka uliichoraje?"

Basi nimeketi hapa nyumbani Sironga, nimeweka daftari kwenye meza, na ninaandika. Naandika kwa Kiswahili kwa sababu nusu yenu mmetoka upande wa ziwa na Kigusii chenu bado ni cha kununulia ndizi. Na nitaanza mbali kidogo. Ile stika ilichukua siku tisa, lakini haikuanzia katika siku hizo tisa.

Nilianza kabla ya kompyuta. Duka lilikuwa chumba kimoja chenye kuta zilizojaa madoa, na mkuu wake alikuwa Fundi Odhiambo, mwandishi wa mabango, mtu mrefu na mpole kutoka kule ziwani. Alivaa tai kila siku akipaka rangi, na sikuwahi kuona tone moja kwenye ile tai. Aliniita nyar Kisii, yaani binti wa Kisii kwa lugha yake, na aliendelea kuniita hivyo hata nilipopata wajukuu.

Siku ya kwanza nilifika na penseli tatu nilizozichonga nyumbani, nikidhani nitaandika bango. Akanipa kiti na kizibo cha soda. Kizibo akakiweka dirishani.

"Chora kivuli chake," akasema.

"Na kizibo chenyewe?"

"Kizibo nakijua. Chora kivuli."

Nilichora mpaka saa ya chakula. Alikuja, akatazama, akafuta mikono kwa kitambaa. "Umechora kivuli cheusi. Hebu tazama tena. Ni cheusi?"

Nikatazama. Hakikuwa cheusi. Kilikuwa na ubuluu kwenye kingo, karibu na kizibo kilikuwa kizito, na kadiri kilivyosogea mbali kilififia kama maziwa yakiingia ndani ya chai. Miaka ishirini nimeishi katikati ya vivuli, na sikuwa nimeona hata kimoja. Jioni ile nilitembea kwenda nyumbani nikitazama chini kama mtu aliyeangusha shilingi, na mama yangu akaniuliza kama nimefutwa kazi siku ya kwanza.

Kazi yangu ya kwanza peke yangu ilikuwa bango la bucha ya Nyakoe. Lilitakiwa kusema NYAMA TAMU. Nilianza kwa furaha, herufi kubwa zenye nyama hasa, na nilipofika kwenye M ya pili nikagundua ubao umekwisha. Ile U niliibana chini ya M, ndogo, imelala upande. Nilimwita Fundi nikijua nitafukuzwa. Alisimama mbele ya ubao kwa muda mrefu. "Mwenye bucha asiposema neno," alisema, "na wewe usiseme." Mwenye bucha hakusema neno. Aliniambia baadaye kwamba watu walisimama kutazama ile U iliyolala, na wakiisha kusimama walinunua. Lakini tangu siku hiyo sijawahi kuanza herufi ya kwanza kabla ya kupima ya mwisho. Hilo lichukueni bure.

Baadaye zikaja stika. Tulizikata kwa wembe, herufi baada ya herufi, na vidole vyangu vina alama mpaka leo. Ni wembe ulionifunza kwamba stika hubanduka kwanza pale penye ncha kali. Ukikata herufi kama A na kuiacha na kichwa chenye ncha, mvua mbili tu na kichwa kimeinuka. Ukiizungusha ile ncha kidogo, itakaa miaka. Sasa mashine ya kukata inafanya kazi hiyo yenyewe, na ninyi hamjui hata kwa nini mna kile kipimo cha kuzungusha kona. Sasa mnajua.

Kompyuta ilipoletwa, Fundi Odhiambo aliitazama siku nzima bila kuigusa. Jioni akaniuliza, "Ina vivuli?"

"Ina kitufe cha kivuli, Fundi."

"Kitufe," alirudia, kama mtu aliyeambiwa kuna kitufe cha kusonga ugali.

Alikaa nasi miaka michache zaidi, kisha akarudi kwao. Nami nikapenda ile mashine kuliko ilivyofaa. Programu ya kuhariri picha ilikuwa kwangu kama chumba kingine ndani ya nyumba niliyodhani naijua. Niliingia asubuhi na kusahau chai. Miaka ikaenda hivyo, kadi za harusi, kalenda za makanisa, lebo za asali na unga, na sitazihesabu. Naruka mpaka mwaka wangu wa mwisho kazini, asubuhi moja Madam Nyaboke alipofungua mlango.

Madam Nyaboke ni afisa wa kilimo, mwanamke mfupi mwenye buti za mpira na sauti ya kuita watu ng'ambo ya bonde. Wakati huo alikuwa akihudumia wakulima wa upande wa Nyaramba. Nyuma yake aliingia mama mmoja aliyefunga kitambaa cha buluu kichwani, akabaki amesimama mpaka nilipomvutia kiti. Huyo alikuwa Mama Bosibori. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto na za majani ya chai, kisha Madam akaweka juu ya meza yangu pakiti mbili tupu za mbegu za mahindi.

"Mwambie," alimwambia mwenzake.

Mama Bosibori aliongea akitazama pakiti, si mimi. "Hii nilipanda shamba lote. Nilingoja siku saba, nikangoja kumi. Kwa kila mashimo kumi yalimea mawili. Nikachimba mbegu moja nione. Ilikuwa imeoza ndani, lakini rangi yake ya dawa bado iko juu, safi kabisa. Mume wangu alisema nilipanda vibaya. Nimepanda mahindi tangu nikiwa mtoto." Akaisukuma pakiti kando kidogo. "Mwaka huo tulikula kwa jirani."

Madam alichukua maelezo kutoka hapo. Kila pakiti ya mbegu nzuri ina stika ndogo ya uthibitisho, ambayo mkulima anapaswa kuikwaruza ili apate nambari ya kutuma kwa simu. Wengi hawakwaruzi. Wanapanda na kutupa pakiti, na stika inabaki nzima. Kulikuwa na watu waliookota pakiti hizo, wakabandua stika zake, wakazibandika kwenye pakiti kuukuu zisizochanika, pale palipobanduliwa stika iliyokwishakwaruzwa, kisha wakazijaza mahindi ya kusagia yaliyopakwa rangi.

"Wewe Mama Bosibori, ulikwaruza?" nikauliza.

"Sijui kusoma," alijibu bila aibu yoyote. "Nikwaruze nimpe nani anisomee? Yule yule anayeniuzia?"

Nikamgeukia Madam.

Madam alieleza kwamba walikuwa wameshabandika bango msimu uliopita, lenye maandishi mengi mazuri. Watu walilisifu kwa rangi yake. Sasa alitaka kitu kingine. "Nataka mtu akipita, hata kama hajui A, aone stika iliyochezewa inafanana vipi. Akifika dukani aikumbuke. Anayejua kusoma asome neno. Asiyejua, asome kona."

"Kwa nini tusipige picha hizi hizi?" aliuliza Ombati kutoka kwenye mashine yake.

"Zina jina la kampuni," alijibu Madam. "Kampuni haina kosa, jina lake limeibwa. Siwezi kuliweka kwenye bango la wizi."

Tukakubaliana. Neno moja, HALISI, kubwa, limekatwa kama stika nyekundu yenye ukingo mweupe, limebandikwa kwenye pakiti isiyo na jina, na linaanza kubanduka kuanzia herufi ya mwisho. Soko la Nyaramba ambako watu wangenunua mbegu lilikuwa siku tisa mbele. Mvua ikishanyesha, alisema Madam, hakuna anayesoma bango. Kila mtu anakimbilia shambani na chochote alichopewa.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo wengi wenu mnakwama na hapa ndipo nilipokwama mimi.

Siku ya kwanza nilifanya kama mtandao unavyosema. Niliandika neno, nikaongeza ukingo mweupe, nikabonyeza kitufe cha kivuli, nikakata pembe ya I na kuchora pembetatu ya kijivu kuonyesha mkunjo. Saa moja tu na kazi ilikuwa imekwisha. Ombati alisema ni safi. Nami nilijisikia vizuri, na hiyo ilipaswa kuwa dalili ya kwanza.

Siku ya tatu Mama Bosibori alipita mjini kuleta ndizi, nikamwita nimwonyeshe kwenye skrini.

"Hii ni nini?" nikamuuliza.

Aliinama, akatazama kwa heshima zote. "Chapati," alisema. "Imekunjwa."

Ombati alicheka mpaka akazima mashine. Nami nilicheka, lakini kesho yake. Siku ile nilimsindikiza mama yule mlangoni, na nilipomtazama akivuka barabara nikakumbuka anaenda kununua mbegu tena baada ya siku chache, kwa macho yale yale aliyoniazima bure, nami nimemchorea chapati.

Nilimpigia Fundi Odhiambo. Sauti yake imekuwa nyembamba siku hizi lakini maswali yake hayajazeeka. Nilimweleza kila nilichofanya.

"Nyar Kisii," alisema, "hiyo kona imeinuka kiasi gani?"

"Kama unene wa kidole."

"Na kivuli chake kimeinuka kiasi gani?"

Nikatazama kivuli cha mkono wangu juu ya meza. "Kivuli hakiinuki, Fundi. Kinabaki chini."

"Haya. Stika ikiondoka haiendi na kivuli chake. Wewe umekifunga nyuma yake kama mkia." Nikasikia akiweka kikombe chini. "Halafu acha kutazama hiyo kompyuta. Bandua stika."

Nilikata neno HALISI kwenye karatasi nyekundu ya stika, nikalibandika kwenye mfuko wa kaki, nikaubeba mpaka dirishani. Kisha nikaanza kulibandua polepole kwa ukucha, kuanzia ile I, huku nikiandika kwenye daftari. Jamani, nilikuwa nimebandua stika maisha yangu yote, na sasa ilikuwa kama siku ile ya kizibo.

Kwanza, stika haikunji pembetatu. Inajiviringisha. Ina tumbo, kama jani la mgomba linapoanza kukauka, na mstari inapoachana na karatasi haunyooki, umepinda. Pili, mgongo wake si mweupe. Una wekundu hafifu unaopenya kutoka mbele, na umeshika nyuzi za karatasi ya kaki ilizozing'oa. Tatu, pale inapopinda zaidi kuna mstari wa mng'ao, mwembamba kuliko unavyodhani, na baada yake giza linaingia ghafla. Nne, kivuli: pale stika ingali imeshika, ni uzi tu, mweusi na mkali. Pale ilipoinuka, kinaachana na ukingo, kinapanuka, kinalainika, na kinachukua rangi ya kaki.

Nilikuwa na furaha tayari. Lakini jambo la tano ndilo lililonifanya nisimame na kumwita Ombati kwa jina lake lote.

Nilikuwa nimeibandua ile stika na kuibandika tena mara ya tatu, kwa uangalifu, kama mwizi angefanya. Haikurudi mahali pake. Ilikosea kwa unene wa ukucha. Na pale ilipokuwa mwanzo, gundi ya zamani ilikuwa imeshabaki kwenye karatasi na kushika vumbi, ikachora ukingo wa pili, wa kijivu, kando ya ule wa stika. Herufi zilionekana kama zina mzimu nyuma yake.

Nikachukua moja ya zile pakiti mbili alizoleta Madam Nyaboke. Nikaiinamisha kwenye mwanga. Kwa siku tatu ilikuwa mezani kwangu na sikuwa nimeuona: mstari wa kijivu, kando ya stika, mwembamba kama uzi.

"Ombati, unaona?"

Alivua miwani, akaivaa tena. "Kumbe mwizi anaandika sahihi yake," alisema. "Kila pakiti."

Nilimpigia Madam pale pale. Alikuwa shambani, upepo unavuma kwenye simu, na nilipomwambia akasema, "Weka huo mstari. Uweke mkubwa. Hata ukifuta mengine yote."

Sikufuta kitu. Nilianza upya. Nitawaambia jinsi nilivyojenga, nanyi mfuate kwa macho yenu wenyewe, si kwa kukariri.

Kila kitu kikae kwenye tabaka lake, au leya kama mnavyosema. Chini kabisa ni kaki, nayo niliipiga picha ya mfuko wa kweli, wenye mikunjo. Juu yake nikaweka mabaki ya gundi: nakala ya umbo la neno, nimeisogeza kidogo upande, nikaacha ukingo wake tu, nikaupaka vumbi kwa brashi yenye madoa. Msitumie brashi laini hapo. Vumbi halina adabu, linajaa mahali pengine na kuruka pengine. Juu ya hilo kivuli, peke yake, bila kile kitufe. Nilikichora katika vipande viwili, kile cha uzi na kile kilicholainika, na kile cha pili nikakipinda kwa mkono mpaka kikaachana na kona. Rangi yake nilichukua kwenye kaki yenyewe na kuifanya nzito. Nyeusi niliifungia kabatini.

Kisha neno. Niliandika kwa fonti nene, nikalibadilisha liwe umbo, nikazungusha kona zote kidogo, nikaweka ukingo mweupe. Ile I niliitenganisha na wenzake na kuipinda, maana herufi iliyo kwenye mkunjo haiwezi kubaki imenyooka. Hilo ndilo kosa ninaloliona kila mahali, stika imeviringika na maandishi yake yamesimama kama askari. Kisha mgongo: nilichora lile tumbo kwa ile kalamu ya programu inayounganisha nukta, nikalijaza rangi inayotoka kijivu kuja nyeupe yenye wekundu, halafu kijivu tena. Mstari wa mng'ao nikauweka mwisho, nikauona mzuri, nikaupunguza nusu. Nikaenda kunywa chai. Niliporudi nikaupunguza tena.

Nilifanya kazi hiyo siku tatu. Nasema kweli, sikuwahi kufurahi vile. Kila tabaka lilipoingia, ile karatasi ya kwenye skrini ilizidi kuwa na uzito, na kuna dakika moja, nilipokuwa nimesogeza kivuli chini kwa nukta mbili tu, kona iliinuka. Haikuwa imeinuka na sasa imeinuka. Nilirudisha mikono mapajani na kutazama tu.

Ombati alichapisha nakala moja ya majaribio, tukaipachika ndani ya mlango wa kioo. Saa nne hivi aliingia mwalimu mmoja wa sekondari, mteja wetu wa siku nyingi, na bahasha ya mitihani. Alisimama mlangoni. Alilamba kidole gumba, akaikandamiza ile kona ya I, akashikilia. Akaachia, akaona bado imeinuka, akaikandamiza tena kwa nguvu zaidi.

"Hii yenu inabanduka," alituambia.

Mimi na Ombati hatukuweza kutazamana.

"Endelea kubonyeza, Mwalimu," alisema Ombati. "Gundi ni mpya."

Mama Bosibori alikuja siku iliyofuata. Safari hii sikumuuliza kitu. Alikaribia, akapitisha ukucha kwenye kona, mara moja, mara mbili. Akainua karatasi aone nyuma. Ilikuwa karatasi tupu. Akarudi mbele, na kidole chake kikaenda chenyewe mpaka kwenye ule mstari wa kijivu wa vumbi, kikatembea kando ya H, kando ya A, polepole.

"Huu," alisema. "Huu ulikuwa kwenye yangu. Nilidhani ni uchafu wa duka."

Tulitundika mabango siku ya soko la Nyaramba. Niliomba ruhusa kwenda, jambo ambalo sikuwahi kufanya. Kwa kawaida kazi ikitoka mlangoni imekwenda. Madam alifunga moja kubwa kwenye ukuta karibu na wauza mbegu, na hatukuwa tumemaliza kufunga kamba kabla mzee mmoja hajanyoosha mkono na kuikwaruza ile I. Akaja mwingine. Akaja mama mwenye mtoto mgongoni, na mtoto naye akakwaruza. Kufikia adhuhuri kona ilikuwa imechakaa kwa kucha za watu, wino umetoka mpaka karatasi nyeupe inaonekana.

"Wameiharibu," Madam aliniambia kwa huzuni.

"Wameisoma," nikamwambia, na tukafunga nyingine.

Mama Bosibori hakuwa amepewa kazi yoyote siku ile. Alikuja na zile pakiti zake mbili, akasimama kando ya bango, akaanza. Hakuwa mtu wa kupaza sauti. Alimshika mtu mkono tu, akampeleka kwenye mstari wa bango, kisha kwenye mstari wa pakiti. "Tazama hapa. Sasa tazama hapa. Mimi hii ilinilaza njaa." Halafu mwingine. Nilimhesabu akifanya hivyo na watu zaidi ya thelathini, kisha nikaacha kuhesabu. Mume wake alikuwa amesimama nyuma kidogo, kofia mkononi. Baadaye nilimsikia akimwambia jirani yao, "Mke wangu hakupanda vibaya. Ilikuwa stika." Alilisema mara kadhaa, kwa watu tofauti, hata kwa wasiouliza.

Siku nne baada ya hapo Madam alipiga simu, anaongea haraka hata nikamwomba aanze tena. Katika soko lingine, mama mmoja alikataa pakiti tatu dukani. Aliziinamisha kwenye mwanga, akaziweka juu ya meza moja baada ya nyingine, akamwambia muuzaji, kwa neno lililoenea kutoka kwetu Nyaramba, "Hizi zina mzimu." Waliokuwa kwenye foleni wakaanza kukagua zao. Mwenye duka mwenyewe alikuja kutazama na akaketi chini. Alikuwa ameuziwa na mtu aliyefika kwa pikipiki na maneno matamu, na katoni nzima ilikuwa bado chini ya meza. Alimpigia Madam kwa simu yake mwenyewe. Katoni ilichukuliwa, na nyingine iliyokutwa kwenye duka la pili, na kabla mvua haijashika mtu wa pikipiki alikuwa anajibu maswali polisi.

Ofisini kwetu tulisherehekea kwa mandazi. Ombati aliinua lake na kusema linaviringika vizuri ukingoni, lakini kivuli chake hakijakaa sawa.

Mwezi mmoja baadaye nilipokea picha kwenye simu. Shamba, mistari ya mahindi yanafika gotini, hakuna pengo hata moja, na katikati kitambaa cha buluu kimesimama.

Sasa nimestaafu, na wiki iliyopita nilikwenda mwenyewe kununua mbegu, maana mtu akiwa na shamba na hana kazi ya ofisini hana tena sababu ya kulipa wengine wapande. Duka lilikuwa limejaa. Muuzaji alinipa pakiti, nikaiweka kwenye kikapu, nikageuka niondoke.

Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu akanishika kiwiko. Alikuwa kijana, pengine rika la binti yangu Moraa, na simjui. "Mama, hujakagua," aliniambia. "Usiende hivyo. Lete nikuonyeshe."

Akaitoa pakiti kikapuni, akaiinamisha kuelekea mlangoni, penye mwanga. Alinieleza kona, akanieleza mstari wa vumbi, taratibu, kama mtu anayemfundisha mgeni. Alikuwa na subira nzuri.

"Umejifunza wapi haya?" nikamuuliza.

"Kwa bango fulani la kule Nyaramba. Wale walikuwa wajanja. Walibandika stika ya kweli kabisa kwenye karatasi, ikawa inabanduka. Mimi mwenyewe niliivuta, ikakataa kutoka."

"Ilikataa?"

"Ilikataa kabisa. Gundi yao ni kali."

Nilimshukuru. Kisha nikasimama pale mlangoni kando yake, nikaiinamisha pakiti yangu kwenye mwanga kama alivyonionyesha, na nikakagua kona zote nne.